Kitabu cha Saba

Godelieve husoma mchana, mimi usiku,
zamu yangu ya malango ya mfereji, hapa Ghent.
Nakala moja, alama mbili:
yake uzi mwekundu, yangu tiketi ya tramu.

Kitabu cha tano kilituchosha,
kurasa mia za tauni na mbuzi mmoja.
Safari hii mwandishi kalamu imemtii.

Aleydis kapita tena chini ya kengele iliyopasuka,
kaibukia mwaka elfu moja mia tatu na ushee,
viatu vya mpira miguuni, mvua ya karne yetu nyweleni;
na yule mfumaji wake, mvi zishamwingia,
hakuuliza alikuwa wapi.
Alisogea tu kwenye benchi.

Hapo nikafunga kitabu.
Tishari la mchanga likapiga honi,
nikalichelewesha dakika mbili, Mungu anisamehe.

Alfajiri nafika nyumbani. Ananisoma uso:
“Usiseme! Yu hai?”
Nafungua mdomo, ananitupia taulo.
Kitabu keshaninyang'anya, uzi mwekundu menoni.

Naketi ukingoni mwa kitanda, navua buti.
Naye, macho hayabanduki ukurasani,
anasogea.