Mengineyo

Ukumbi wetu ni chumba juu ya famasi, Mabela.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi,
na ndoo ina zamu ya kumwagwa, majina yamebandikwa ukutani.
Leo tumetandika kitambaa cheupe,
halwa imefunuliwa, birika la kahawa limepigwa msasa,
na mimi katibu nimechonga penseli mbili:
Mkuu wa Kanda anakuja, kutoka Manama.

Akaingia saa kumi na nusu, beji tano kifuani,
Bwana Adnan Bu Shahin, anayenukia udi wa bei.
Alisema Kiarabu cha kwao, mbio mbio,
Mundhir akatafsiri, akiyaruka asiyoyajua
kama mtoto anavyoruka dimbwi.
Bi Raya, mzaliwa wa Bujumbura, mzeekea Sib,
akanong'ona: "Huyu kijana nusu ya mzigo anaiacha njiani."

Dua. Mahudhurio. Kumbukumbu za Machi.
Damu tuliyochangia, chupa thelathini na mbili.
Mablanketi, ile wiki wadi ilipoingia majumbani.
Kila namba mgeni akaitilia alama kwenye fomu yake,
alama ndogo, safi, za mtu asiyefuta.

Kisha kidole kikasimama chini kabisa ya hesabu.
"Men-gi-ne-yo," akasoma, neno likimkwaruza,
na iliyobaki haikuhitaji mkalimani:
riali arubaini na moja, baisa mia tatu.
Ya nini?

Tone.
Tone jingine, ndooni.

Bi Thuwaiba, mweka hazina, akavaa miwani,
akaivua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.
"Betri za sikio la bawabu wa msikiti, riali tatu.
Teksi ya Imakulata, usiku alioruhusiwa hospitali, sita.
Viatu vyake, maana alitoka pekupeku,
nne na baisa mia tatu.
Sanduku la magurudumu, ishirini na sita.
Yule binti wa Singida.
Mwili tajiri wake aliulipia.
Nguo hazikuwa na wa kuzilipia."

Mundhir safari hii hakuruka kitu.
Alitafsiri polepole, akitazama halwa.

"Na riali mbili, funguo nne.
Mzee Sufiani haoni.
Kila mwezi hupoteza ufunguo wa mlango wake.
Hatumuulizi anaupoteza vipi."

Mkuu akageuza fomu yake, akaigeuza tena.
"Haina kisanduku cha haya," akasema,
na sijui alikuwa analaumu au anaomba radhi,
kwani papo hapo simu ya Bi Thuwaiba ikalia.
Sufiani. Yuko nje ya mlango wake, juani,
na mkate mkononi.

Bi Raya alikwisha shika buibui na ufunguo wa gari.
Dirishani akasita:
gari jeupe la mgeni, pana kama sebule,
limeziba njia ya kutokea, yote.

Basi nani aende?

Nilikaa kiti cha nyuma, daftari mapajani.
Soko la Sib, duka jembamba kuliko kabati,
fundi wa Silheti, mashine inalia kama jino linalochimbwa,
na kanda nzima, kuanzia Manama mpaka Salala,
imesimama pale imevua koti, inangoja chuma kipoe.
Fundi akauliza kwa vidole: mmoja?
Mkuu akaonyesha viwili.
Akafikiri.
Akakunjua mkono wote.

"Usiandike riali mbili na nusu," Bi Thuwaiba alinikataza usiku ule,
"hazikutoka mfukoni mwetu. Hesabu ni hesabu."
Nikaandika hivi:

*7. Mengineyo. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo,
mlangoni kwa Sufiani Abeid.
Waliohudhuria: wanne, mwenye nyumba, na Mkuu wa Kanda.
Mkate uligawanywa.*

Niliporudi kuzima taa ukumbini
zulia lilikuwa limelowa mpaka mguu wa meza.
Ndoo imejaa, imemwagika yenyewe.
Nikasogea ukutani kutafuta wa kumlaumu.
Zamu ilikuwa yangu.