Swali la Nne

Kitangari, Oktoba. Umeme umekatika,
nasahihisha Uraia kwa tochi ya simu.
Swali la nne, alama kumi:
Eleza wajibu wa taasisi kwa jamii inayoizunguka.

Wameeleza. Arobaini na mmoja wameeleza
kama nilivyowaandikia ubaoni, nukta kwa nukta,
hata pale chaki iliponikatikia
na neno "jamii" likabaki "jami",
wamenakili "jami".

Nikawapa kumi. Kumi. Kumi.
Kalamu nyekundu ikazoea njia.

Ndipo karatasi ya Shazili Likanga,
imekunjamana, inanuka mabibo:

"Mwalimu, mimi nitaeleza kwa mfano.
Bati la darasa letu la sita lilitoka kwenye korosho.
Kila kilo, ushirika ulikata shilingi thelathini.
Baba alikatwa. Bi Somoe wa nyuma ya choo cha walimu
naye alikatwa, na hana mtoto shuleni.
Mvua ya bati hilo inaingia kwenye tangi.
Tangi lina kufuli.
Bi Somoe anaamka saa tisa usiku,
anateremka korongoni na dumu moja,
anapanda nalo jua likiwa utosini.
Akipita getini tunamwamkia shikamoo
kwa sauti moja, kama ulivyotufundisha.
Ufunguo unakaa kwa mwalimu wa zamu.
Wiki hii ni wewe."

Basi. Hakuandika hitimisho.

Nikatafuta kwenye mwongozo wa kusahihisha.
Hakuna.
Nikajitetea, peke yangu, kwa sauti:
wanafunzi mia sita, mvua hadi Desemba,
ukimfungulia mmoja umekifungulia kijiji,
tena kamati ilishasema italijadili,
na kamati ikisema italijadili
ujue chai imeshaiva.

Bati juu yangu likalia kwa baridi, ta, ta,
hilo hilo la shilingi thelathini.
Nilikuwa nimelala chini yake miaka minne
bila kumuuliza mtu ni la nani.

Simu ikabakiza asilimia nne.
Nje, kwenye mchanga mwekundu, ndala zinaburuzwa,
dumu tupu linagonga paja.
Saa tisa kasoro.

Nimempa Shazili tisa.
Ile ya kumi ninayo mfukoni,
ya chuma,
ina meno.