Za Vyura

Kondele, chini ya barabara ya juu,
nimeinunua filamu yangu mwenyewe
kwa shilingi ishirini.

Obiero hakunijua. Alichomeka flashi,
akapuliza vumbi kwenye kibodi, akauliza:
"Ya Kihindi, ya Kichina, au hii ya hapa nyumbani?
Hii ya hapa inatoka sana, dada. Inaliza wamama."
Nikasema nipe hiyo inayoliza.

Miaka mitatu. Nusu ya shamba la Muhoroni ilikwenda humo.
Wafubwa kasimama kwenye mpunga wa Ahero,
maji magotini, maikrofoni kaifunika kwa mfuko wa unga,
usiku kucha akiwinda sauti ya vyura
kwa sababu nilimwambia: mjane hapa hasemi,
vyura ndio watakaosema.
Hadi leo sijamaliza kumlipa.

Nyumbani nikaifungua. Jina langu limekatwa
kama sikio la ng'ombe wa wizi
lililokuwa na alama ya mwenyewe.
Na juu ya zile dakika mbili za vyura
kijana fulani kaweka domo lake:
"Mwoneni mama huyu, watu wangu, roho inamchemka!"
Nikatukana. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka.
Kisha nikaona pembeni maandishi madogo ya kijivu:
NAKALA YA JOPO. HAIUZWI.

Kumbe haikuvujia Kondele.
Ilivujia kwenye viti vya ngozi,
kwa wale waliokunywa chai yetu wakasema "kazi safi".
Na kesho hao hao wataitisha kikao,
wadai askari wavunje vibanda,
flashi zichomwe mbele ya kamera.
Kikulacho... sina haja ya kumalizia.

Asubuhi nilirudi, nikamwambia mimi ni nani.
Akashika meza kama mtu anayengoja pingu.
"Sasa dada, hii ningeinunua wapi?"

Nikafungua mdomo.
Ilionyeshwa mara moja, hoteli ya Milimani, elfu moja mlangoni.
Halafu tukaifungia kwenye programu inayodai kadi ya benki
na bando la kummaliza muuza omena faida ya wiki.
Tuliweka chakula darini,
kisha tukashangaa panya kuijua ngazi.

Sikumsamehe. Hilo lieleweke.
Nilimpa nakala safi, yenye majina, yenye vyura,
na namba yangu ya simu. Kumi zako, kumi zangu.
"Na yule mpiga domo?"
"Mlete nimwone. Ana kipaji, mjinga yule.
Ila kwenye vyura anyamaze."

Jioni simu ikatetema. Kumi.
Kumi tena. Kimya kirefu. Kumi.
Zilipofika mia na ishirini nikamtumia Wafubwa zote.
Akaandika: "Za nini hizi?"

Za vyura, nikamjibu.