Tonge Mdomoni

Jiwe la Cariri halivunjwi, hubembelezwa.
Baba huliwekea tindo ukingoni, hugonga mara mbili,
kisha husubiri, sikio limeinama,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.
Ndipo linapofunguka, jembamba, la manjano:
sakafu ya bafu la mtu wa São Paulo
ambaye hatajua anakanyaga nini.

Mimi ndiye mhesabu wa mita za mraba.
Sina chuo cha dada, sina ushemasi wa baba.
Nina daftari, penseli, na vumbi
lisilonitoka kifuani hata Jumapili.

Jumanne ile, tabaka la kumi na mbili,
alikuwamo samaki, urefu wa mkono wangu,
na mdomoni mwake mkia wa samaki mwingine,
mdogo, hajamezwa hata nusu.
Baba akavua kofia.
“Gharika,” akasema. “Tazama, Edivan.
Maji ya Nuhu yalimkuta na tonge mdomoni.”

Jioni Francinete akashuka kwenye basi la Crato
na mswaki mkavu mfukoni.
Akamsafisha samaki palepale mezani,
kati ya birika na kuskusi ya mahindi.
“Hapa palikuwa ziwa la chumvi,” akasema.
“Alitamani asichokiweza, akapaliwa,
akazama kwenye tope lisilo na hewa.
Miaka milioni mia na kumi.”

Baba akacheka.
“Cheti changu cha kuzaliwa kimekosea miaka miwili,
na karani alikuwepo!
Cha samaki alikuandikia nani?”
“Jiwe.”
“Jiwe halina kalamu.”
“Na zile siku za mwanzo, baba,
nani alizihesabu, jua likiwa halijaumbwa?”

Baba akaikoroga kahawa.
Haikuwa na sukari.

“Kwa hiyo babu yangu ni huyu?”
“Si huyu. Huyu ni ndugu wa mbali.”
“Mbali kiasi gani? Hata harusini haalikwi?”
Mama akacheka, akaziba mdomo kwa kanga ya vyombo
kama aliyeiba sadaka.

Laiti tungeishia hapo.
Lakini Francinete akasema:
“Unamfanya Mungu fundi wa pupa,
anayekimbizwa na mwenye nyumba.”
Na baba, polepole:
“Wewe umemfukuza kazi.”
“Sikusema hayupo.”
“Hukusema yupo.”

Hapo nikajua hawazungumzii samaki.
Kiti chake kanisani, cha tatu kutoka dirishani,
miaka mitatu baba amekiwekea kofia
asikae mtu.

Usiku wa manane alikuja mchuuzi, taa ameizima,
na bahasha yenye mishahara ya miezi minne.
Sheria inakataza, lakini paa letu linavuja,
na sheria haijawahi kulala chini ya paa letu.
Nilimwangalia baba. Niliitaka ile bahasha, siwafichi.
“Si wangu,” baba akamwambia mlangoni.
“Sikumuumba. Wala sikuingojea hiyo miaka.”
Upande wa pili wa ukuta
kitanda cha Francinete kilinyamaza kulia.

Mwezi wa Agosti tukaenda kumwona kwenye jumba la makumbusho.
Baba alivaa suti ya ubatizo.
Akaisoma kadi silabi kwa silabi:
jina lake, Valdenor, lote, bila kosa,
kisha ile namba.
Akazipitishia sifuri kidole gumba juu ya kioo,
saba, moja moja,
kama anayehakikisha chenji.
Tukamsubiri. Dada alikuwa ameshika pumzi.

Akasema tu:
“Hii taa isogezeni.
Huyu mdogo haonekani.”

Francinete akaenda kutafuta ngazi.

Nami katika daftari, ile Jumanne,
bado imeandikwa: mita za mraba tisa,
pungufu kipande kimoja.