Kama Sipo

Mutheu ana kilo thelathini na moja.
Ngazi ni sabini na mbili, nimezihesabu kwa mgongo.
Hapa Pipeline jua halifiki mlangoni,
na mwenye nyumba anasema vyumba vya chini vina watu,
ngoja Januari.

Nangoja. Yeye hangoji, anakua.

Usiku akishalala naandika kwenye daftari:
Uji uwe mzito, mwepesi unampalia.
Mlaze ubavu wa kushoto, goti juu ya mto.
Kelele za blenda zinamtisha; mwambie kwanza.
Akisema ba mara moja, anataka maji.
Mara mbili, ananiita mimi.

Hapo kalamu ilisimama hadi adhana ya alfajiri.
Kisha nikaongeza: kama sipo,
hiyo ya pili pia itikeni.

Jumamosi tunakutana Embakasi, wazazi kumi na mmoja,
mia mbili kila mmoja kwenye kopo la Kimbo.
Mwezi huu ni zamu ya kina Wanzala: kiti cha magurudumu.
Hatuulizani nani alikosea wapi,
hayo tulishaulizwa vya kutosha na shemeji zetu.
Tunaulizana bei ya nepi kubwa,
na nani anayenyoosha viungo bila kufoka.

Jana dada yangu Kasyoka alilisoma daftari
akiwa wima, mkoba bado begani.
Hakusema atamchukua.
Hakukataa.
Alirudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole:
"Mzito kiasi gani?"

Nikawasha jiko.