Tarishi

"Kilo kumi na moja na robo," akasema Kalunde,
na mshale wa mizani haujatulia bado.
Isevya, kwenye vyuma chakavu, saa nne asubuhi.
Kati ya betri za magari na sufuria zilizotoboka
amelala kijana wa shaba, uchi kama samaki,
kofia kichwani, mkono mmoja juu
unaonyesha bati la jirani.

Mihayo amemfukua akichimba choo
nyuma ya nyumba kuukuu, upande wa stesheni.
Mihayo, kwetu ni "maneno",
ila yeye anayo mawili tu: shilingi ngapi.

"Malaika wa Wajerumani," anasema kijana wa tela.
"Malaika gani," Kalunde anacheka,
"mabawa miguuni kama njiwa wa mapambo?"

Mimi nilimjua kabla hajageuzwa.
Picha yake ilikuwemo katika kitabu cha shule ya mapadri:
tarishi wa miungu ya Wayunani.
Jina sikulishika. Kazi niliishika,
miaka thelathini na miwili, telegramu za Posta,
baiskeli ikigoma, kwa miguu:
Kiloleni, Ipuli, Itetemia.
BABA MGONJWA NJOO.
MTOTO WA KIUME.
USIJE TENA.
Kwa ufupi, maana kila neno lilikuwa na bei.
Watu walisoma uso wangu kwanza, karatasi baadaye.

Nikavua kandambili,
nikaweka wayo wangu kando ya wake.
Wake laini, kidole gumba hakijawahi kujikwaa.
Na huku hakuruka, huyu.
Alikuja kabla ya reli, kafungwa kwenye jamvi,
begani mwa mpagazi, miezi mitatu kutoka pwani;
tarishi kabebwa na mtu asiye na mabawa,
ambaye hakuna aliyemwandika jina
wala kumchongea kidole.

Nikampiga kwa ukucha. Akalia mtupu.
Nikamwinamisha, kwa ujinga wa uzee,
nikidhani huenda ndani ana barua.
Likadondoka pande la udongo, nyumba ya nyigu,
vyumba vitano, wenyewe walishahama.

"Unanunua?"
Pensheni hutoka tarehe ishirini na tano. Leo tisa.
Lori linaondoka Alhamisi.
Sikusema kitu. Kalunde akampima upya:
kilo kumi na moja kamili.

Ile robo ya nyigu
Mihayo ananidai mpaka leo.