Mpima Sukari

Miaka thelathini na moja baba yangu alipima sukari.
Miwa, namaanisha. Malori yalipanda mizani ya kiwanda pale Couva,
naye ndani ya kibanda cha bati, kalamu sikioni,
akitoa uzito wa lori kwenye uzito wote,
na hakuna aliyempunja hata kilo.

Kiwanda kikafungwa. Nyasi zikaila mizani.
Sukari, kama mdai mwenye subira,
ikamfuata hadi nyumbani
ikaanza kumpima yeye.

Leo nimeshuka basi la Port of Spain
nikakuta dirisha la jikoni halipitishi mwanga.
Chupa. Nimehesabu kumi na nne.
Mdalasini ndani ya kapsuli, kromiamu, magnesia,
karela iliyosagwa ikawa vidonge vya kijani,
kitunguu saumu kisicho na harufu
(kitunguu gani hicho, kisichojitambulisha?),
mafuta ya samaki yenye rangi ya asali,
samaki wa bahari ya barafu
ambayo Deokinandan hajaiona hata kwenye kalenda.

"Soma," ananiambia. "Soma wenyewe walivyoandika."
Nasoma: Husaidia afya ya moyo.
Nasoma: Husaidia kuweka sukari sawa.
Hu. Tazama kiambishi kilivyo mjanja:
hakina nafsi, hakina jana wala kesho.
Nani husaidia? Lini? Kwa kiasi gani?
Karani wa mizani angeirudisha fomu hiyo,
angegonga kioo: jaza, ndugu, jaza nafasi zote.

"Na hizi?"
Nyuma ya kopo la uwatu nimeziona metformini,
pakiti mbili, hazijafunguliwa, za Machi.
Sasa ni Julai.
Amenyamaza. Friji imenguruma kwa niaba yake.

Kisha: "Ramdath alimeza za hospitali. Zote. Kwa saa."
Ramdath, mdogo wake, aliyeanguka kwenye foleni ya benki
kitabu cha akiba kikiwa mkononi.
"Zile za hospitali huniambia naumwa, beti.
Hizi huniambia najitunza."

Nilikuja na hotuba nzima.
Nimeimeza bila maji.

Nimempigia Bi Arneaud wa duka la dawa.
Hakucheka. Ameuliza kwanza kama anatumia aspirini.
Anatumia, hiyo hajaiacha, ni ndogo na tamu.
"Basi samaki na saumu juu yake, nataka kuziona.
Na mdalasini, ni upi? Na figo zake, zilipimwa lini?
Lete zote kesho, mfuko mmoja.
Usitupe kitu. Usimgombeze.
Pakiti za Machi, zilete pia."

Usiku amekaa na daftari lake la kiwandani,
lenye mistari myekundu.
Nilidhani anaandika vipimo vya damu.
Anaandika pensheni, anatoa chupa.
Tisa amezinunua kwa Sumintra, ng'ambo ya mtaro,
mjane mwenye mtoto chuoni.
"Ningemwambiaje hapana?" ameuliza, si mimi, ukurasa.
Kisha amerudia hesabu kutoka juu,
kama siku zile lori lilipokuja zito kupita kiasi
na dereva ni rafiki.

Asubuhi: tone la damu, kijimashine, kumi na moja nukta mbili.
Ameitazama namba hiyo bila kubishana.
Bi Arneaud ametenga kumi na moja, akaacha tatu,
na kopo la uwatu alilisukuma kando kwa kidole:
hilo ni la mama yake, tuliangalie taratibu.
Metformini, ya kwanza, ameimeza na mkate
akikunja uso kama mtu aliyetia sahihi.

Tukiwa kwenye teksi kurudi ameniomba kalamu.
Pembeni mwa daftari amechora safu mpya, kwa rula ya kidole,
akaipa jina: Nilichokula.
Mstari wa kwanza, mwandiko wa karani, wima, hauna aibu:
mkate, kipande kimoja.
Ameangalia nje kwa muda, mashamba ya miwa yaliyogeuka vichaka,
akaongeza kwa herufi ndogo:

na jalebi jana usiku. Mbili.
Tatu.